Fundi na Pete Iliyokatwa

Fundi hakuwa na mazoea ya kumtazama mtu usoni. Ukiingia katika chumba chake cha kazi pale Kitengela, alitazama mikono yako kwanza, na mara nyingi macho yake hayakupanda zaidi ya hapo. Nilimwona mara kadhaa akisalimiwa barabarani na wateja wake wa zamani, naye akiwajibu kwa adabu ya mtu asiyejua anasalimiana na nani. Kisha mteja anainua mkono kuaga, na uso wa Fundi unafunguka.

"Kumbe ni wewe. Jiwe la umbo la yai, kucha nne. Huyo bwana bado anakoroma?"

Alikumbuka kila kitu, hata yale mliyomwambia kwa kupitisha wakati. Ila alikumbuka kupitia vidole.

Jina lake lilikuwa kwenye kibali cha biashara kilichobandikwa ukutani, lakini sikumsikia mtu akilitumia, hata mke wake. Kitengela imejaa mafundi wa kila namna. Upande wetu wa barabara ya Namanga, hata hivyo, ukisema Fundi bila kuongeza neno ulielekezwa kwenye duka la kuuza vifuniko vya simu. Ulipita kando ya kaunta, ukasukuma mlango wa mbao nyembamba, ukamkuta. Chumba hakikuzidi upana wa kitanda. Kulikuwa na meza, viti viwili vya wateja, stuli moja, mtungi mdogo wa gesi wa kuchomelea, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Juu ya dirisha kulining'inia pazia zito la kijani ambalo sikuelewa lilikuwa la nini, kwa sababu nje hakukuwa na mtu wa kuchungulia.

Kazi ya pazia niliijua siku ya kwanza, nilipokwenda na Lemayian kuchagua pete yangu ya uchumba.

Mimi nafanya kazi katika kituo kidogo cha redio mjini Kajiado. Wakati huo nilikuwa nimepanga nyumba Kitengela. Kwetu hasa ni magharibi, upande wa Kakamega. Lemayian ni mpima ardhi, na kwao ni mbele kidogo ya mji wa Kajiado, ambako mama yake anafuga ng'ombe. Mhariri wangu alivaa almasi ya zamani. Haikumetameta kama kioo cha gari juani. Iliwaka kwa ndani, polepole, mithili ya kaa linalopulizwa. Nilitaka ya aina hiyo, naye akanituma kwa Fundi.

"Nani anavaa?" Fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Tunaoana," Lemayian akasema.

"Hiyo nimeelewa. Nauliza nani anavaa. Asiyevaa akae pale kwa stuli, asinizibie mwanga."

Lemayian akaenda kwenye stuli. Mimi nikaketi na kunyoosha mkono.

"Huu unafanya kazi gani?"

"Naandika habari. Nashika kinasa sauti."

"Nyumbani?"

"Nafua. Napika."

"Ng'ombe?"

"Bado."

"Yeyo atamfunza kukama," Lemayian akasema kutoka kwenye stuli, akimtaja mama yake.

"Basi kucha tusahau."

Ile sehemu ya pete inayoshika jiwe Fundi aliiita nyumba. Nyumba ya kucha huliinua jiwe juu, mwanga ukaingia kila upande, lakini kucha hunasa sweta, hunasa nywele za mtoto, na humkwaruza ng'ombe kwenye chuchu. Nyumba ya ukuta hulizungushia jiwe ukingo mwembamba wa dhahabu. Jiwe hupoteza mng'ao kidogo, lakini unaweza kuishi nalo. Mwenye kazi ya kalamu alimpa kucha, mwenye kazi ya maji na mifugo alimpa ukuta, na hakubishana. Siku moja alikuja mama mmoja mwenye cheo kikubwa katika ofisi za kaunti, na dereva akimngoja nje, akataka kucha sita. Fundi aliushika mkono wake, akaugeuza, akabonyeza kiganja.

"Mheshimiwa, wewe unakanda chapati mwenyewe."

"Nani amekwambia?"

"Na unazikanda sana."

Mama yule alicheka hadi akatoa leso. Aliondoka na nyumba ya ukuta.

Tulipokwisha kukubaliana kuhusu nyumba, Fundi alivuta lile pazia. Ilikuwa saa tano asubuhi, na chumba kikawa giza. Akawasha koroboi.

"Stima ni ya mawe ya siku hizi," alisema. "Haya yalichongwa kwa mkono na watu waliokaa na mshumaa. Ukitaka kujua walikuwa wanatafuta nini, yaangalie walivyoyaangalia wao."

Hakuuza almasi mpya. Alisema zinapiga kelele. Za kwake zilitoka kwenye pete za nyanya za watu, kwa walimu wastaafu, kwa familia za wafanyabiashara zilizokuwa zinahamia ng'ambo, na alikuwa na sharti moja kwa anayemletea: lazima aseme jiwe lilikuwa kwenye mkono wa nani. Usiposema, unarudi nalo. Nilimwona akimrudisha kijana mmoja na jiwe zuri kuliko yote aliyokuwa nayo mezani.

"Ni ya shosho," yule kijana alisema, akimtaja nyanya yake.

"Shosho anaitwa nani?"

Kijana akakawia.

"Nenda ukamuulize," Fundi akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Juu ya meza alipanga vifuniko vya chupa za soda, vimetandikwa kitambaa cheusi, na ndani ya kila kifuniko jiwe moja. Karibu na koroboi yakaanza kupumua. Hakuna lililofanana na jenzake. Moja lilikuwa limeinama kidogo upande, jingine lilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji. Ukilitazama jiwe kutoka juu uliona kitone kidogo katikati, kama dirisha la nyumba ya mbali, kwa sababu wachongaji wa zamani walikata ncha ya chini ikawa bapa. Fundi alilipulizia moja pumzi ya mdomo. Ukungu, ambao kwenye almasi ya kweli haudumu, uliondoka kabla hajamaliza kusema "ona."

Kifuniko cha katikati kilikuwa na pete nzima. Yaani ilikuwa nzima zamani. Mbele yake ilikuwa fedha, nyuma dhahabu, na jiwe lake lilikuwa kubwa, la pembe nne zilizoviringwa, lenye moto wa rangi mbili tatu uliokuwa ukizunguka ndani. Lakini upande wa kiganja pete ilikuwa imekatwa kwa msumeno na kupanuliwa. Ilikaa pale mdomo wazi.

"Hii," nikasema.

"Hiyo ni ya kuangalia."

"Nimeangalia. Naitaka."

"Ni ya kuangalia tu."

"Si uiunganishe, Fundi," Lemayian akasema. "Iko na pengo kidogo tu hapo."

Fundi alisogeza koroboi. Nilidhani anataka nilione jiwe vizuri zaidi, lakini aliisogeza karibu na mikono yangu.

"Umewahi kuiona mahali?"

"Nitakuwa nimeiona wapi?"

"Sijui. Ndiyo nakuuliza."

Nilichagua lile la rangi ya chai. Nalivaa hadi leo, na silijutii. Lakini nilitoka pale nikimfikiria zaidi mzee kuliko jiwe.

Kazi yangu imenizoesha kurudi mahali. Nilirudi mara ya kwanza kupimwa kidole, mara ya pili kupimwa tena kwa sababu Fundi alishikilia kwamba kidole cha asubuhi si kidole cha jioni, na baada ya hapo nikawa napita tu nikitoka kazini. Niliketi kwenye stuli nikitazama wachumba wakija. Kila aliyeletwa kuvaa pete aliwekewa ile iliyokatwa katikati ya nyingine. Karibu wote waliipenda. Kila mmoja aliulizwa kama amewahi kuiona, na kila mara koroboi ilikwenda kwenye mikono. Msichana mmoja alilia akiitaka, mchumba wake akapandisha sauti, na Fundi akafungua pazia na kuwaambia waende nyumbani wakagombane huko kwanza, pete itawangoja.

Hakuwa mtu mgumu. Alikuwa mcheshi kwa namna yake kavu, na kanisani kwake alikuwa mzee wa kanisa anayesikilizwa. Lakini alikuwa na mambo ambayo hayakukaa pamoja. Alivisha pete nusu ya Kitengela, na yeye mwenyewe hakuvaa. Mke wake pia hakuvaa.

"Yangu inakuja," mke wake aliniambia siku aliyoniletea chai pale kazini, akihakikisha mume wake anasikia. "Watoto wameoa, wajukuu wanakaribia kuoa, yangu bado inakuja."

"Umekosa nini wewe?" Fundi akamjibu.

"Sijasema nimekosa. Nimesema inakuja."

Akacheka, akachukua vikombe. Mlango ulipofungwa, Fundi alikaa muda mrefu na tupa mkononi bila kupiga tupa chochote.

Jambo jingine ni kwamba alijivunia kuvua pete kuliko kuvalisha. Hospitali na zahanati za barabara ile zilimjua. Mtu akivimba kidole, kwa mimba, kwa nyuki, kwa ajali, pete huanza kumnyonga, na wauguzi walimpigia simu. Hakuwahi kudai malipo kwa kazi hiyo. Alianza na uzi: anaupenyeza chini ya pete, anaufunga kidole chote duru kwa duru hadi kwenye ukucha, kinabanwa kinakuwa chembamba, kisha anaufungua kutoka chini taratibu na pete inapanda juu ya nyuzi yenyewe. Uzi ukishindwa ndipo anatoa msumeno wake, gurudumu dogo lenye meno, na chini yake ulimi wa chuma unaoingia kati ya pete na ngozi.

Alinisimulia habari za mfugaji mmoja wa Kajiado, jitu la miraba minne, aliyeumwa na nyuki akasimama mlangoni pale akitokwa machozi.

"Sopa, mzee," Fundi alimwamkia kwa Kimaasai.

"Epa. Kata kidole, uache pete."

"Kwa nini?"

"Kidole ni changu. Pete ni ya yule mama."

Uzi ulifaulu. Yule mzee akasema *ashe*, asante, mara nyingi hadi akatoka nje. Fundi aliipenda hadithi hiyo. Nilipomwuliza kama kuna siku uzi ulishindwa, alianza kupanga vifuniko vyake upya.

Nilimwuliza tena siku niliyokwenda kuchukua pete yangu. Sikumbana. Niliuliza mara moja kisha nikakaa kimya, jinsi tunavyofanya kazini tukitaka mtu aendelee. Alifunga mlango kwa komeo, akaketi, akaongea akitazama ile pete iliyokatwa. Nayaandika kwa mpangilio alioutumia yeye.

Miaka kadhaa kabla hatujafahamiana kulitokea ajali kwenye barabara ya Namanga. Hospitali moja, ambayo hakuitaja nami sitaitaja, ilimwita mchana. Mama wa makamo alikuwa amelala hajitambui, mkono wa kushoto umevimba, kidole cha pete kimeanza kuwa cheusi. Aliyemshikia mkono ule alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, msichana aliyekuwa pale kwa mafunzo. Fundi alijaribu uzi mara mbili. Kisha akakata, yule msichana akashika ncha moja ya pete kwa koleo na yeye ncha nyingine, wakaivuta ikafunguka. Kidole kikaanza kurudia rangi yake.

"Nipe niiandike," msichana akasema. Kabla hajapokea akaitwa, majeruhi wengine walikuwa wanaingia, akakimbia. Fundi akaitia pete kwenye mfuko wa shati ili asiiache juu ya kitanda. Akangoja kidogo. Hakuna aliyekuja. Akaenda nyumbani akisema kesho.

"Kesho yake walinipigia simu," alisema. "Yule mama alikuwa amekufa usiku. Watu wake wamekuja, wanauliza pete. Msichana amesema fundi alitoka nayo. Wananiuliza, Fundi, ulitoka nayo? Nilikuwa na bwana harusi na bibi harusi hapa. Wamekaa hapo ulipokaa. Nikaona nikisema ndiyo, hawa watasikia niko na pete ya maiti mfukoni."

Alikisogeza kando kifuniko chenye pete.

"Nikasema hapana. Nikasema nilimwachia msichana. Nikakata simu, nikaendelea kupima kidole."

"Na pete ilikuwa wapi?"

Akagusa mfuko wa shati.

Siku ya tatu alikwenda hospitali kusema kweli. Alifika getini akarudi. Alipopata nguvu ya kurudi tena, wiki zilikuwa zimepita, msichana alikuwa amefukuzwa mafunzo kama mwizi, na waliokuwepo siku ile walikuwa wamehamishwa. Jina lake hakuna aliyelikumbuka. Wanafunzi huja na kuondoka, na siku ile wote walikuwa wanamwita Sista tu. Mume wa marehemu Fundi alikuja kumpata baada ya kumtafuta sana. Alimwekea pete mezani na kumweleza yote. Yule mume aliisukuma irudi.

"Aliniambia, hiyo si yangu tena. Tulimlaani mtoto wa watu kwa sababu ya hiyo pete. Mtafute, umpe yeye."

"Na huwezi kumtambua?"

"Sikumwangalia uso. Nakumbuka glavu."

Basi hilo ndilo lililokuwa likiendelea nyuma ya pazia la kijani. Alihesabu kwamba msichana wa umri ule siku moja ataolewa, na akiolewa huenda akaja kutafuta pete, kwa sababu upande huu mafundi wa kazi ile ni wachache. Ataiona pete, na mikono yake itashtuka. Watu hutazama kitu kwa makini hasa siku wanayochagua almasi, alisema. Siku nyingine wanapitisha macho tu.

Nilimwambia naweza kumtangaza redioni.

"Utamtangaza kama nani?" aliniuliza. "Aliyefukuzwa kwa wizi, popote ulipo? Utakuwa umemtangaza mwizi mara ya pili. Hapana, binti yangu."

Tulioana, tukahamia Kajiado. Fundi naye alizeeka ghafla. Macho yalianza kuingia ukungu, akafunga kile chumba, na binti yake akamchukua akae naye Kajiado, karibu na soko la mifugo. Nilimtembelea mara kwa mara. Siku za mnada vumbi lilifika hadi sebuleni, na yeye alikaa dirishani na vifuniko vyake vya soda juu ya meza ya plastiki. Mawe mengine alikuwa ameyauza yote. Ilibaki ile pete. Kila mwanamke aliyeingia, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi, aliwekewa mbele.

"Baba anawachosha watu," binti yake aliniambia jikoni. "Juzi amemuuliza mchungaji."

Nilimpata yule Sista bila kumtafuta. Redio ilinituma Loitokitok kuandaa kipindi kuhusu vitunguu, na mmoja wa wakulima niliopewa alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Entarara, karibu na hapo. Tulisimama kwenye mfereji wake nikiwa nimemshikia kinasa sauti. Alikuwa anaeleza habari za maji, akakatiza katikati ya sentensi.

"Hiyo pete imetengenezwa na mzee wa Kitengela."

"Unamjua?"

"Yule anayefunga pazia." Aliangalia kinasa sauti. "Zima hiyo kitu yako."

Nikazima. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, matope hadi magotini. Aliniambia aliwahi kusomea uuguzi, akafukuzwa kabla hajamaliza. Miaka michache baadaye alikwenda na mchumba wake kwa fundi waliyesikia anasifiwa, bila kujua ni fundi yuleyule. Pazia likavutwa. Akaiona pete.

"Nilimjua papo hapo. Nikajua pia alidanganya, kwa sababu wakati ule waliniambia, fundi mwenyewe amesema alikuachia."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Mwanamume ninayetaka kuolewa naye ameketi kando yangu. Nikifungua mdomo, neno la kwanza ni kwamba nilifukuzwa kwa wizi. Utaanzia hapo?" Alijipangusa mikono kwenye leso. "Nilingoja aniangalie. Nilisema akiinua macho tu, nitasema. Alikuwa anaangalia mikono yangu na hiyo taa yake. Ati nimewahi kuiona. Nikamwambia sijawahi."

"Yeye alikuwa anangoja mikono yako ishtuke."

"Ya muuguzi?" akasema, kwa dharau kidogo. "Hiyo ndiyo kitu ya kwanza tulifunzwa."

Aliolewa bila pete; alimwambia mchumba wake kwamba mkulima hana haja nayo. Nilimweleza kwa nini pete ilikuwa pale mezani miaka yote. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kuhusu baba yake, aliyempokea nyumbani siku aliyofukuzwa.

"Hakunitukana hata siku moja. Hakuniuliza. Lakini wiki ileile alinunua kufuli, akafunga sanduku lake. Hilo sanduku halikuwahi kufungwa tangu nizaliwe."

Nilirudi Kajiado nikaenda moja kwa moja kwa Fundi. Nilimweleza kila kitu, pamoja na siku yule mama alipokuja dukani, maana sikuona haki ya kumficha. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti.

"Alikaa kiti gani?"

"Cha dirishani, amesema."

"Nilimshika mkono?"

"Ulimshika."

Akatingisha kichwa polepole, muda mrefu, mpaka binti yake akaja mlangoni kutazama.

Nilimpigia yule mama simu kumwuliza kama anaweza kumpokea. Alisema, "Aje. Lakini asije kwangu Loitokitok. Aje Entarara, kwa baba."

Lemayian alituendesha siku ya Jumamosi. Fundi alivaa koti la kanisani na tai. Mke wake alimfunga ile tai na hakusema neno la mzaha njia nzima. Pete ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Mlima ulikuwa wazi upande wetu wa kulia tulipokaribia, na Lemayian akamwambia, kisha akakumbuka kwamba mzee hawezi kuuona.

Yule mama alitungoja kwenye lango la miti. Hakuwa na nguo za shambani. Alikuwa amevaa gauni la bluu, nywele amezifunga. Fundi alishuka kwa msaada wa mkewe, akasogea hadi karibu naye kuliko inavyofaa kwa wageni, akainua uso wake na kuutazama uso wa yule mama kwa macho yale yenye ukungu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa mtu yeyote. Sijui aliona nini. Pengine mwanga na kivuli tu.

"Ni mimi niliyeichukua," alisema.

"Najua."

"Waliponiuliza nikasema hapana."

"Hiyo pia najua."

Akatia mkono mfukoni.

"Iache hapo," yule mama akasema, bila ukali. "Sijakuitia pete. Kuja huku."

Alimshika kiwiko, akampitisha kando ya nyumba, kando ya jiko, hadi nyuma karibu na ua wa michongoma. Tulifuata kwa mbali. Kulikuwa na kaburi la saruji, limefagiwa asubuhi ile. Alama za ufagio zilikuwa bado kwenye udongo.

"Baba yangu ndiye huyu," akasema. "Amelala hapa mwaka wa nne. Mwambie yeye."

Fundi alivua kofia. Alianza na ajali, akaeleza habari za uzi, msumeno, koleo. Aliongea chini chini, mdomo karibu haufunguki, kama watu wanavyoongea makaburini. Alipofika kwenye simu sauti ikazama kabisa, na mke wake akageuka akatazama ua.

Yule mama alimgusa begani.

"Ongeza sauti," akasema. "Baba alikuwa hasikii vizuri."

Fundi akainua kichwa. Akasimama wima, akaanza tena tangu mwanzo.